Meno ya Sudi

Gatsata, Jumapili mchana, Septemba 1983

Shangazi Zaituni,

Nakusalimu kwa amani, kama tunavyowasalimu waliotutangulia. Kesho narudi lise, shuleni kwangu bwenini kule kusini. Sanduku langu liko tayari, sare nimepiga pasi, na kabla sijaondoka nataka kukueleza jinsi likizo hii ilivyokwenda darasani mwako. Hakuna mtu mwingine ambaye angetaka kusikia yote, mpaka habari za kamasi na chupi zilizoloa. Wewe ungeuliza. Ungekaa kwenye kigoda chako, miguu umeinyoosha, useme: anza mwanzo, Mwamini, usinirukie. Nitaanza mwanzo.

Ulipofariki sikuwepo. Sisi hatumlazi maiti, na barabara ya kutoka kusini ilikuwa imekatika kwa mvua. Nilipofika nilikuta udongo mwekundu umeinuka, umelowa, na jiwe kichwani. Wanawake waliniambia walikuosha vizuri na kwamba uso wako ulikuwa umetulia. Nikasema asante. Nilitaka kusema na mengine, lakini hayakutoka, na hata leo kalamu inasimama hapa.

Basi.

Nilirudi kwa likizo kubwa nikakuta chumba chetu nyuma ya duka la kushonea kimejaa magunia ya vitambaa. Mzee Rajabu hajabadilika. Bado anashona kanzu na suruali barazani, bado ni mwenyekiti wa wazazi, na chumba bado ni chake. Watoto walikuwa wamekaa nyumbani tangu masika. Wengine walikuwa wanacheza kando ya barabara kuu, malori ya Uganda yanapita na matope yanawarukia mpaka usoni. Nikamwomba anipe chumba kwa miezi ya likizo. Nilimwambia nilikusaidia likizo iliyopita yote, nimeona kazi ilivyo. Alinitazama juu ya miwani akasema:

"Jaribu, mutoto wa shule. Lakini watoto bila fimbo ni mbuzi bila kamba."

Kisha akaniambia mpango wake. Likizo ikiisha, darasa atalichukua Mwalimu Isa wa madrasa. Unamjua Mwalimu Isa na unaijua fimbo yake. Hata mimi naijua, nilisoma juzuu ya kwanza kwake.

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja kichwani. Nilitaka mpaka siku ya kuondoka wazazi wawe wameona kwa macho yao kwamba darasa lako linasimama bila fimbo, na awepo mtu wa kulishika nikiwa sipo. Sikuwa na mtu huyo. Nilikuwa na vitambaa vya kukalia, vile ulivyovikata kwenye mabaki ya vitenge, kila mtoto na rangi yake. Nilivifua, nikaviweka sakafuni mahali pake palepale. Siku ya kwanza watoto waliingia, na kila mmoja alienda kwenye kitambaa chake bila kuambiwa. Chako cha kufutia mikono nilikiacha kwenye msumari.

Unakumbuka siku Mzee Rajabu alipomleta mjukuu wake Aisha kwa mara ya kwanza? Alimsukuma mbele akasema yale maneno ya kuruhusu fimbo ambayo kila mzazi wa Kiislamu huyasema kwa mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na ndoo. Ulimjibu kwa adabu, bila kucheka: "Mimi sili nyama ya mtoto, Mzee Rajabu. Niletee mzima, jioni nitakurudishia mzima." Alikasirika mpaka Ijumaa. Lakini Aisha alirudi kesho yake.

Mwaka huu amekuja mtoto usiyemjua. Anaitwa Sudi. Baba yake ni taniboi kwenye malori, huenda na dereva mpaka Mombasa na kurudi, akija anakaa siku mbili analala tu. Mama yake alirudi kwao. Sudi analelewa na bibi yake, Bi Nuru, anayechoma mahindi pale kona ya kupandia Gatsata. Ni mfupi kwa umri wake, kichwa chake kinafika kwenye mbavu za wenzake. Hasemi sana. Anang'ata.

Siku ya pili alimng'ata mtoto wa jirani mkononi. Wiki hiyohiyo akamng'ata mwingine begani, kisha Aisha kwenye kiganja. Nilitumia yote uliyonifundisha. Nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa usawa wa yake. Sikumwaibisha mbele ya wenzake. Nilishusha sauti. Shangazi, sauti yako ikishuka darasa zima lilikuwa linanyoosha shingo lisikie. Yangu ikishuka wanadhani nimechoka tu. Nilishangaa sana kugundua hilo. Nilikuwa nafikiri ni njia, kumbe nusu yake ilikuwa wewe.

Hapo nikakimbilia nilichojifunza lise, na ninajua ungefunika uso kwa mtandio. Kule bwenini tuna kibao kidogo chenye kamba. Anayesikika akisema Kinyarwanda au Kiswahili badala ya Kifaransa anavalishwa shingoni. Naye husikiliza mpaka amnase mwingine, amvalishe. Anayebaki nacho jioni anasugua vyoo. Nilikichukia kibao kile miaka yote. Lakini niliona kinafanya kazi, maana tulinyamaza. Kwa hiyo niliomba kipande cha ubao kwa seremala, nikakitoboa, nikatia utepe mwekundu wa dukani kwa Mzee Rajabu, nikawaambia watoto: atakayempiga au kumng'ata mwenzake atavaa hiki mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Sudi alikivaa siku ya kwanza. Akakivaa siku ya pili. Siku ya tatu alikuja asubuhi akasimama mbele yangu, akainamisha shingo, anangoja nimvalishe. Hakuwa amefanya kosa lolote bado. Na yule Hamidu mpole, ambaye hajawahi kugusa mtu, alimfinya mwenzake huku ananitazama mimi, aone kama atapata utepe mwekundu.

Siku moja nilisahau kumvua Sudi, akaenda nacho nyumbani. Kesho yake Bi Nuru alikuja kabla ya darasa kuanza. Alikuwa amevaa kanga ya kutokea na amebeba ndizi mbivu kwenye ungo. Alinipa kwa mikono miwili. Akasema:

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Mimi sikusoma, lakini naona mujukuu wangu amepewa cheo. Jana amelala nacho."

Sikuweza kumwambia. Nilizipokea ndizi, nikashukuru, nikamuuliza habari za miguu yake. Alipoondoka niliwagawia watoto zile ndizi zote, na kibao nikakitia chini ya sufuria ya uji kikaungua. Sudi alilia asubuhi nzima, kilio cha mtu aliyefiwa. Nilimpakata. Aliruhusu.

Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu kwamba kibao ni kosa na nikaandika kwa nini. Unajua tabia yangu ya kuandika kila kitu na tarehe yake, ulikuwa unanitania kwamba nikiolewa nitamwandikia mume ratiba. Nilipitia kurasa za nyuma nikaona kwamba Sudi anang'ata karibu kila mara kabla ya uji. Nikasema nimepata: ana njaa. Kuanzia kesho yake nikawa nampa uji wa kwanza, peke yake, kabla ya wenzake. Niliifurahia akili yangu. Sikuwa nimepata chochote. Wenzake waliona anapendelewa, wakaanza kumsonga zaidi, na siku ya nne akamng'ata Aisha shavuni. Damu ilitoka.

Mzee Rajabu aliacha cherehani. Sijawahi kumwona akiacha cherehani nguo ikiwa chini ya sindano. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wazazi wote watakusanyika barazani kwake. Yule mtoto atoke, na Mwalimu Isa asingoje likizo iishe, aje Jumatatu. Alisema hanilaumu. Alisema nina moyo mzuri, lakini moyo mzuri haufungi jeraha. Nilisimama pale nikisikia masikio yananiwaka. Nilifikiri juu ya Bi Nuru akiambiwa pale kona, mbele ya wateja wa mahindi.

Kesho yake Mama Aisha alikuja na mwanawe. Huyu unamjua, Hadija, mke wa mtoto wa Mzee Rajabu, yule mwembamba anayeshona kofia. Hakunisalimu. Aliketi mlangoni kwa ndani, akatoa kofia yake na sindano, akasema:

"Mimi siko hapa kwa ajili yako. Nalinda mutoto wangu."

Nikamwambia karibu. Ningefanya nini? Alikaa siku hiyo, na iliyofuata. Alikuwa anashona bila kutazama mikono, macho yake yote kwa Sudi. Kila nikiinama kwa mtoto nilihisi macho yale mgongoni. Wengine wakimwita Sudi kwa utani, umbwa, umbwa, Mama Aisha aliendelea kushona tu. Lakini mara moja, mtoto mmoja alipojikojolea akaanza kulia kwa aibu, aliweka kofia chini, akamchukua nje, akamrudisha mkavu. Akaokota kofia.

Siku ya tatu, watoto walipotoka kwenda kunawa kabla ya uji, aliniita kwa kidole.

"Angalia mulango, usiangalie mudomo yake."

Nilisogea nikaangalia. Unaujua mlango ule, mtu mmoja anapita kwa shida, na birika la kunawia lilikuwa nje, kama ulivyoliweka wewe. Watoto wote waliukimbilia kwa pamoja. Sudi, kwa ufupi wake, alimezwa katikati. Nilipiga magoti ili nione anachokiona yeye. Hakuna uso hata mmoja, Shangazi. Ni viwiko na matumbo. Na nyuma yake alikuwa Aisha, amemwekea viganja viwili mgongoni, anamsukuma kwa nguvu zake zote kwenye mgongo wa aliye mbele. Sudi akafungua mdomo. Mama Aisha alinyanyuka akamwondoa kabla ya meno kufika.

Alikaa tena. Alikuwa amebadilika rangi. Nikangoja. Akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba Aisha anamsukuma kila siku, ameona siku zote tatu, alitaka kuhakikisha kabla ya kusema. Kisha akakasirika, na hasira ikanielekea mimi, na nilistahili:

"Kwani hawa ni ng'ombe wakimbilie kisima? Mugeni ananawishwa pale amekaa."

Nilimtazama. Nyumbani kwenu, nyumbani kwetu, kwa Mzee Rajabu, kwa kila mtu wetu, chakula kikija mtoto wa nyumba huzunguka na birika na bakuli, anamnawisha mgeni mmoja mmoja mahali alipoketi. Mimi nimezunguka na bakuli lile tangu nikiwa na umri wa Aisha. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuanza na mkono wa kulia wa mgeni. Na hapa darasani tulikuwa tunawaswaga kama mifugo, kwa sababu hivyo ndivyo shule zinavyofanya, wewe ulikuta hivyo na mimi nikakuta hivyo.

Kesho yake birika liliingia ndani. Wawili walizunguka, mmoja akimimina, mmoja ameshika bakuli, na kila siku zamu ya wengine. Walioketi walingoja kwenye vitambaa vyao. Sikuamini. Walinyoosha migongo kama wazee wa harusi. Wengine waliitikia "bismillahi" kwa sauti nzito ya baba zao. Hamidu aliponawishwa alimwambia aliyemmiminia, "Asante, mwanangu," na Mama Aisha alificha uso kwenye kofia akacheka mpaka mabega yakatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie kicheko chake.

Sudi hakung'ata siku hiyo, wala iliyofuata. Siku ya tatu aling'ata tena, saa ya kwenda nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimefikiria birika na kusahau kwamba mlango ni uleule wakati wa kutoka. Sasa tunawaita kwa majina, wadogo kwanza. Nakuambia hili usije ukadhani nimekuandikia muujiza. Ni mtoto yuleyule na meno yaleyale.

Jumamosi ikafika. Asubuhi tulifanya umuganda, tulikuwa tunachimba mtaro wa maji juu ya barabara, na wazazi walikuja barazani na majembe yao na matope miguuni. Bi Nuru alikaa mwisho kabisa. Mzee Rajabu alieleza habari ya shavu la mjukuu wake. Alieleza vizuri, bila kuongeza. Akasema mtoto anayeng'ata watu mahali pake ni kwao, na darasa linataka mkono wa mwanamume. Akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nimepanga hoja moja baada ya nyingine. Nilisimama. Nilisema la kwanza na la pili, kuhusu mlango na kuhusu kusongwa, na nikaona wananisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mtoto anayesoma mashairi. Mtu mmoja aliniuliza kwa upole naondoka lini. Wengine wakacheka kidogo. Alikuwa na haki. Hata ningekuwa na maneno ya dhahabu, baada ya wiki tatu ningekuwa lise, na wao wangebaki na Sudi.

Ndipo Mama Aisha aliposimama. Kofia ilikuwa bado mkononi, sindano imechomekwa.

"Baba," alimwambia baba mkwe wake, mbele ya watu wote. "Anaanza ni mutoto wetu. Aisha anamusukuma. Nimeona na macho yangu. Kama ni kutoka, watoke wote mbili."

Unajua mkamwana wa kwetu hasimami hivyo mbele ya baba mkwe, barazani kwake, majirani wakiwa wamekaa. Nilimwona mumewe akitazama jembe lake. Mzee Rajabu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ana hakika. Mama Aisha akasema ana hakika, na kwamba amekaa pale mlangoni kwa ajili ya kumfukuza yule mtoto, si kwa ajili ya kumtetea. Kisha akasema lile lililonikata pumzi. Mwamini akiondoka, darasa atalishika yeye. Kofia anaweza kushona popote.

Mzee Rajabu aligeuka akaitazama cherehani yake. Nilimhurumia, kusema kweli. Hatimaye akasema Mwalimu Isa ameshaambiwa, na yeye hawezi kula maneno yake, kwa hiyo Isa atakuja Alhamisi tu kuwafundisha sura fupi, na fimbo yake ataiacha barazani pamoja na viatu. Watu wakaguna kukubali. Wakati wanatawanyika, Bi Nuru alipita karibu na Mama Aisha. Bi Nuru alimpangusa matope yaliyokuwa yamemrukia kwenye kanga, akaenda zake kuwasha jiko la mahindi.

Wiki zilizobaki tulifundisha wawili. Nilimwonyesha kila ulichonionyesha. Mengine alichukua, mengine aliyaacha. Hachuchumai, anasema magoti yanamuuma, anamwinua mtoto juu ya meza ili macho yakutane. Hashushi sauti. Akitaka wanyamaze anaanza wimbo wa kubembeleza wa Kinyarwanda, mstari mmoja tu, na watoto lazima waumalizie. Mwanzoni nilitaka kumsahihisha. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Nikaufunga.

Juzi Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilimwacha peke yake, nikasimama nje kwenye ukuta, upande wa kamba za nguo, wasinione. Nilisikia kitu kinaanguka. Nikasikia Sudi akipiga ukelele, ule ninaoujua, unaokuja kabla ya meno, na Aisha akisema kwa sauti ya juu kwamba hakumgusa. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Shangazi, ilinibidi nishike kamba ya nguo kwa mikono miwili ili nisiingie. Kisha Mama Aisha alianza wimbo, mstari mmoja, akangoja. Sauti moja ndogo ya mkwaruzo ikaumalizia. Sudi huwa haimbi. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake kwa urefu huo.

Nilibaki pale mpaka nikaweza kufuta uso, kisha nikaenda nyumbani kupanga sanduku.

Nimelia kwa sababu yako, lakini pia kwa sababu niliyoyasikia ndani hayakuwa ya kwako wala ya kwangu, na yalikuwa mazuri. Nilikuja likizo hii nikidhani kazi yangu ni kulinda kila kitu kikae ulivyokiacha. Naona hiyo siyo kazi uliyoniachia. Kitambaa chako cha kufutia mikono nimekitoa kwenye msumari. Kiko kwenye sanduku langu, katikati ya madaftari. Pale msumarini Mama Aisha ametundika mkoba wake wa kushonea.

Lala kwa raha, Shangazi. Mwenyezi Mungu akupanulie mahali pako na akufungulie dirisha la upepo mzuri. Nikimaliza lise nitafundisha watoto wadogo. Nimeshaamua, na baba nimeshamwambia, ingawa alitaka niwe karani. Nitatafuta darasa langu mwenyewe, penye mlango mpana kama nitaupata, na kama sitaupata nitatoboa ukuta. Na likizo ya Krismasi nikirudi Gatsata nitakwenda kuwaona. Nakuahidi sitaingia nikaanza kurekebisha. Nitasimama kizingitini nibishe hodi, kama mgeni mwingine yeyote, na nitangoja wanikaribishe.

Mtoto wa kaka yako,
Mwamini